Mtoto mchanga: saa za kulala na namna ya kumlaza

Wazazi wengi wa mtoto wa kwanza huuliza: je, mwanangu analala vya kutosha? Lipo swali la pili ambalo huulizwa kwa nadra, nalo ndilo zito zaidi: je, analazwa vipi?

Saa kulingana na umri

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kuhusu usingizi wa watoto walio chini ya miaka 5. Saa zifuatazo ni jumla ya usingizi wa mchana na usiku:

- Tangu kuzaliwa hadi miezi 3: saa 14 hadi 17
- Miezi 4 hadi 11: saa 12 hadi 16
- Mwaka 1 hadi 2: saa 11 hadi 14
- Miaka 3 hadi 4: saa 10 hadi 13

Viwango hivyo ni vipana kwa sababu watoto hawafanani. Mtoto anayenyonya vizuri, anayeongezeka uzito na aliye mchangamfu awapo macho, kwa kawaida hana upungufu wa usingizi.

Kwa nini huamka usiku

Mtoto mchanga hatofautishi usiku na mchana. Mwili wake huanza kuzizoea nyakati hizo taratibu katika miezi michache ya mwanzo, ukiongozwa na mwanga.

Tumbo lake nalo ni dogo, hivyo huamka kila baada ya saa chache ili anyonye. Kuamka huko si ukaidi, wala peke yake si dalili kwamba maziwa ya mama hayatoshi.

Mzazi anaweza kumsaidia kwa kumweka penye mwanga asubuhi, kupunguza taa na mazungumzo usiku, na kufuata utaratibu uleule kila jioni.

Chali, si kifudifudi

Mama aliyejifungua London au Muscat, mbali na kwao, huenda akapigiwa simu na bibi: "Mlaze kifudifudi, asije akapaliwa akicheua."

Bibi hakulizua jambo hilo. Daktari Mmarekani Benjamin Spock, ambaye kitabu chake cha malezi cha mwaka 1946 kiliuzwa kwa mamilioni, alitoa ushauri kama huo katika miaka ya 1950, kwa hofu hiyohiyo.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba watoto wanaolazwa kifudifudi wamo katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla usingizini. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Nchini Uingereza vifo hivyo vimepungua kwa takriban asilimia 80 tangu wakati huo.

Hofu ya kupaliwa nayo ina jibu. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa anayocheua hayaingii kwa urahisi katika njia ya hewa.

Kitanda salama

Mtoto alazwe chali, mchana na usiku, hadi atimize mwaka 1. Godoro liwe gumu na tambarare, pasiwe na mto wala blanketi zito karibu yake. Asifunikwe kichwa, na asivutiwe sigara.

Alale chumba kimoja na mama kwa miezi 6 ya kwanza au zaidi, ila katika kitanda chake. Palipo na kitanda kimoja tu, mito na mablanketi viwekwe mbali naye, na asilale kando ya mtu aliyelewa au anayevuta sigara. Kulala naye kwenye kochi ni hatari kubwa zaidi.

Penye malaria, chandarua kisikosekane, nacho kichomekwe vizuri chini ya godoro.

Mtoto ambaye ni vigumu kumwamsha, anayekataa kunyonya au anayepumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja, bila kungoja kupambazuke.