Hukumu ya Mungu kando ya Mto Kagera

Katika madarasa ya kipaimara na katika ibada za nyumba kwa nyumba tunaulizwa swali moja mara kwa mara: inakuwaje Mungu aliye upendo amwadhibu mtu milele kwa dhambi za miaka sitini au sabini? Sisi tunaotumika Ngara na Biharamulo hatulioni kuwa swali la wakaidi. Wanaouliza ni watu wanaosali, wanaotoa sadaka, na mara nyingi ni watu waliofiwa. Katika insha hii tunataka kufuata jinsi swali hili lilivyoulizwa katika eneo letu, kwa sababu mwaka 1994 liligeuka sura, na tangu hapo haliwezi kuulizwa hapa kama linavyoulizwa mahali pengine.

Habari mpya ya moto

Kabla ya Injili kufika, wazee wa Kihangaza walimjua Mungu kwa jina la Imana, kama majirani zao wa Rwanda na Burundi. Waliamini kwamba aliyekufa haendi mbali. Mzimu wake ulikaa karibu na nyumba, ukaweza kuwabariki au kuwasumbua walio hai. Ubaya uliadhibiwa papa hapa duniani, kwa ugonjwa, kwa utasa au kwa ugomvi wa koo. Habari ya moto usiozimika ilikuwa mpya kabisa.

Habari hiyo ililetwa na Wakatoliki na Waanglikana wa CMS waliotangulia katika wilaya hizi mbili, na baadaye na Walutheri kutoka upande wa Bukoba, ambako wamisionari wa Bethel walianza kazi mwaka 1910. Mtu akishasikia mahubiri ya hukumu, swali la kwanza si juu yake mwenyewe. Ni juu ya babu yake. Je, mzee aliyekufa bila kulisikia jina la Yesu yuko motoni? Wahubiri wengine hujibu kwa ukali kwamba yuko huko. Wengine hurudi kwenye Warumi sura ya 2, Paulo anaposema juu ya sheria iliyoandikwa mioyoni mwa mataifa, au kwenye 1 Petro sura ya 3, Kristo anapowahubiria roho waliokuwa kifungoni. Tangu mwanzo, basi, Wakristo wa Afrika walipokea fundisho hili huku wakiwafikiria wapendwa wao. Hawakulipokea kama somo la darasani tu.

Uamsho na dhambi iliyotajwa kwa jina

Katika miaka ya 1930 moto wa namna nyingine uliwaka Gahini, mashariki mwa Rwanda. Uamsho ulivuka mipaka kwenda Uganda, ukagusa chuo cha ualimu cha Katoke, ukaingia kwa Walutheri wa Bukoba. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wa Bukoba na mwaka 1977 Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, alikuwa mtoto wa Uamsho huo.

Wapendwa wa Uamsho walihubiri jehanamu, lakini nguvu yao haikuwa hapo. Nguvu yao ilikuwa kuitaja dhambi kwa jina mbele ya msalaba. Aliyeiba alirudisha alichoiba. Aliyemchukia mwenzake alikwenda kumwomba msamaha, na watu waliona. Dhambi ilikoma kuwa neno la katekisimo, ikawa deni lenye jina la mtu anayedai. Kumbukumbu hiyo ni ya thamani, na tutaihitaji tunapofika mwaka 1994.

Daraja la Rusumo

Mauaji ya kimbari yalianza Rwanda tarehe 7 Aprili 1994. Kwa muda wa siku mia hivi waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa 800,000; serikali ya Rwanda inataja zaidi ya milioni 1. Tarehe 15 Aprili wauaji walifika parokia ya Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu, wakaua maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisani. Mto Kagera ukabeba maiti. Zilionekana zikipita chini ya daraja la Rusumo, zikafika hadi Ziwa Viktoria, na upande wa Uganda watu waliacha kununua samaki wakawa wanazika wasiowajua.

Kisha tarehe 28 na 29 Aprili, kwa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja hilo kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa siku chache. Makanisa na mashirika, pamoja na TCRS la Walutheri, yalihangaika kuwapatia maji, chakula na hema. Wengi wa waliovuka walikuwa wakulima, akina mama na watoto wasiomwaga damu ya mtu. Lakini wauaji walikuwamo, na viongozi wao pia. Sylvestre Gacumbitsi, mkuu wa wilaya ndogo ya Rusumo, alikuwa Benaco na akahojiwa na waandishi wa habari akiwa huko. Miaka kadhaa baadaye Mahakama ya Arusha ilithibitisha kwamba yeye ndiye aliyeongoza shambulio la Nyarubuye. Mwaka 2004 alihukumiwa miaka 30, na mwaka 2006, katika rufaa, kifungo cha maisha.

Hapo swali likageuka. Zamani liliulizwa hivi: je, kweli Mungu atawaadhibu? Sasa mjane wa Nyarubuye anauliza: je, hawa hawataadhibiwa? Mtu anayeishi mahali penye amani anaweza kusema kwamba hukumu ya mwisho ni hadithi ya kutisha watoto. Aliyepoteza watoto wake kanisani hawezi kusema hivyo. Kwake hukumu ni ahadi kwamba damu ile haijasahaulika, kama damu ya Habili ilivyolia kutoka ardhini.

Lakini mto ule ule unatufundisha jambo la pili, na hili ni gumu kulisikia. Wanyarwanda zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa Wakristo. Wengi wa walioshika panga walibatizwa na kusikia habari za jehanamu tangu utoto. Mchungaji mmoja wa Kisabato, Elizaphan Ntakirutimana, alihukumiwa Arusha mwaka 2003, na padri Athanase Seromba mwaka 2006. Hofu ya moto haikuzuia panga. Kwa nini? Kwa sababu dhambi zilizohubiriwa sana zilikuwa ulevi, uzinzi na ushirikina, na hizo kweli ni dhambi. Lakini kumchukia mtu kwa kabila lake, au kumtii kiongozi anayeamuru uovu, havikuwekwa kwenye orodha ile. Mtu aliweza kuua jirani na bado akajiona hana la kuungama. Walikuwapo pia Wakristo waliokataa, wengine wa Uamsho, waliokufa kwa kuwaficha majirani. Hao walikuwa wamejifunza kuitaja dhambi kwa jina.

Kanisa limefundisha nini

Ndugu msomaji asidhani kwamba maswali haya yalianza kwetu. Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, alitumaini kwamba mwishoni Mungu atavirudisha viumbe vyote kwake, na Gregori wa Nisa katika karne ya 4 alikuwa na tumaini kama hilo. Augustino, askofu wa Hippo, Afrika Kaskazini, alipinga: kama uzima wa wenye haki ni wa milele katika Mathayo 25, na adhabu nayo ni ya milele. Kanisa kwa sehemu kubwa lilimfuata Augustino, na mwaka 553 mafundisho yaliyohusishwa na Origen yalikataliwa. Baba zetu walipoandika Ungamo la Augsburg mwaka 1530, kifungu cha 17 kiliwakataa wazi wale wanaofundisha kwamba adhabu ya waliopotea itakuwa na mwisho. Hilo ndilo ungamo letu, na hatulifichi.

Hata hivyo Martin Luther mwenyewe, mwaka 1522, alimwandikia mtu mmoja wa cheo, Hans von Rechenberg, aliyeuliza kama mtu aliyekufa bila imani anaweza kuokolewa. Luther alishikilia kwamba hakuna wokovu pasipo imani. Lakini alikataa pia kuufunga mkono wa Mungu: nani awezaye kusema kwamba Mungu hana uwezo wa kumpa mtu imani wakati wa kufa au baada ya kufa? Kwamba anafanya hivyo, alisema, hatuwezi kuthibitisha. Hapo Luther alisimama, na sisi tunaona ni mahali pazuri pa kusimama.

Tunavyofundisha leo

Rwanda iliporudishiwa watu wake kwa wingi kupitia daraja lile lile mnamo Desemba 1996, walionusurika na waliohusika walilazimika kuishi tena kijiji kimoja. Mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi karibu milioni 2. Hakuna aliyesema kwamba haki yote imepatikana, maana hakuna hukumu ya binadamu inayofufua mtu. Lakini katika vikao vile watu walijifunza kile Uamsho ulichokijua: msamaha usiotanguliwa na ukweli haudumu.

Kwa hiyo tunapohubiri dhambi, tusiiache ielee hewani. Katika Kanda ya Ziwa akina mama wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, na watu wenye ualbino wamekatwa viungo. Kama mahubiri yetu yanamtisha kijana juu ya bia lakini yananyamaza juu ya hayo, basi tunarudia orodha ile fupi.

Na tunapoitwa mazishini, familia hutuuliza marehemu yuko wapi, hasa aliyejinyonga au aliyekufa bila kubatizwa. Hatusemi yuko motoni, kwa kuwa kiti cha hukumu si chetu. Hatusemi pia kwamba hakuna hukumu, kwa kuwa tungewanyima waliodhulumiwa tumaini lao la mwisho. Tunakiri kwamba atakayehukumu ni yule aliyesulubiwa, aliyewaombea waliompigilia misumari. Tunamkabidhi marehemu mikononi mwake, kisha tunawageukia walio hai kuwauliza, kila mmoja, ana deni la nani.