MTAWA WA PIANO NA ENANGA YA BABA MKUBWA



Yupo rafiki aliyeniuliza kwa nini mtumishi wa serikali, tena mtoto wa Nansio, nihangaike na habari za piano. Jibu langu ni historia ya mtawa mmoja.

Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou alizaliwa Addis Ababa mwaka 1923. Akiwa na miaka 6 alipelekwa shule Uswisi, na huko akajifunza fidla na piano. Waitalia walipoivamia Ethiopia, yeye na jamaa zake walichukuliwa wafungwa hadi Italia. Baadaye alisoma muziki Cairo. Ikaja nafasi ya kusoma London, lakini akanyimwa ruhusa. Kwa majonzi akaingia utawa, akaishi kama miaka 10 katika monasteri ya Gishen Mariam, mlimani, akitembea peku.

Hatimaye aliirudia piano. Santuri yake ya kwanza ilitoka Ujerumani katika miaka ya 1960, na mapato yakaenda kusaidia yatima. Mwaka 1984 alihamia Jerusalem. Mwaka 2006 ndipo Buda Musique ya Ufaransa ilipokusanya nyimbo zake za piano katika juzuu ya 21 ya mfululizo wa Éthiopiques. Dunia ikamsikia akiwa na miaka 82! Alifariki Machi 2023.

Sisi wa Ukerewe habari hii si ngeni kwetu. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikachapwa kwa Kiswahili mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Kazi zilikuwapo, aliyechelewa ni mkusanyaji.

Nami nina deni. Baba yangu mkubwa alikuwa mpigaji wa enanga. Nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa na redio kaseti, na kila likizo nilisema nitamrekodi likizo ijayo. Likizo moja nilishuka kivukoni Nansio nikakuta msiba. Hakuna hata wimbo wake mmoja uliobaki.

Kwa hiyo basi, vijana, likizo hii azimeni simu, mkae na mzee mmoja. Andikeni jina lake, tarehe na habari ya kila wimbo, kisha leteni nakala maktaba ya shule. Wahitimu tugharimie kabati na kompyuta ya kuhifadhia. Mimi nimekwisha toa mchango wangu wa kwanza.