Koili ya pikipiki: upimaji wake

Koili ni kifaa kinachopokea umeme wa msongo mdogo na kuutoa ukiwa na msongo mkubwa wa kurusha cheche kwenye plagi. Kuipima ni kubaini kama bado inaweza kufanya hivyo injini ikiwa baridi, na pia injini ikiwa imepata moto. Jambo hilo la pili ndilo huachwa mara nyingi, nalo lina uzito mkubwa katika maeneo ya vumbi, tope na milima kama kata ya Endamarariek, wilayani Karatu, mkoani Arusha. Huko pikipiki hubeba abiria, mbegu na magunia kwenye njia ambazo gari dogo hukwama wakati wa mvua.

Ndani ya koili kuna kiini cha chuma kilichozungushiwa nyaya mbili za shaba. Mzingo wa kwanza una waya mnene na mizunguko michache. Wa pili una waya mwembamba wenye maelfu ya mizunguko. Umeme ukibadilika ghafla katika ule wa kwanza, huzalisha umeme katika wa pili, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Padre Nicholas Callan wa Ireland aliunda koili ya aina hiyo mwaka 1836. Katika pikipiki zenye kisanduku cha CDI, kisanduku hicho huachia volti kama 200 hadi 300 kwa mkupuo mmoja, na koili huzikuza hadi kuzidi 15,000.

Kabla ya kuilaumu koili, fundi huanza na vitu vya bei ndogo. Plagi ibadilishwe kwa nyingine inayojulikana kuwa nzima, na pengo lake liwe milimita 0.6 hadi 0.8. Kofia ya plagi ifunguliwe: maji na udongo mwekundu vikiingia humo, umeme hupotelea pembeni kabla ya kufika kwenye plagi. Kofia yenye kinga ya kelele za redio huwa na ukinzani wa karibu kilo-omu 5, nayo huungua peke yake koili ikiwa salama. Swichi ya kuzimia nayo hukata moto ikishika eathi. Kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125, waya wake ni mweusi wenye mstari mweupe. Ukichomolewa kwenye CDI na moto ukarudi, koili haina kosa. Urudishwe mara moja, kwa sababu bila huo injini haizimiki kwa swichi.

Ndipo ifuate mita. Koili, ambayo aghalabu hukaa chini ya tangi, itenganishwe na nyaya zake. Mita iwekwe kwenye kipimo kidogo kabisa cha omu, ncha zake zigusanishwe kwanza, na namba inayoonekana itolewe kwenye majibu. Mzingo wa kwanza wa koili ya CDI huwa chini ya omu 1. Mzingo wa pili, kofia ikiwa imetolewa, kwa kawaida ni kilo-omu 2 hadi 10, kulingana na mtengenezaji. Kitabu cha pikipiki kikipatikana, namba zake ndizo za kufuata. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Koili yenye kichwa kimoja tu cha waya hupata eathi kupitia boliti zake, kwa hiyo kutu au rangi chini ya boliti hizo inatosha kuizima. Kuisugua ni kazi ya dakika chache.

Namba nzuri za mita hazitoshi kuthibitisha kuwa koili ni nzima. Mita hutumia betri ndogo ya volti chache, ilhali kihami kilicho kati ya mizunguko kinatakiwa kuzuia maelfu ya volti. Ufa mwembamba hauonekani kwa mita. Hiyo ndiyo sababu pikipiki huwaka vizuri asubuhi ya baridi ya Karatu, kisha ikakata moto ikiwa na mzigo mlimani, na baada ya kupumzika kivulini ikawaka tena. Joto hupanua ufa, na umeme hupita njia ya mkato. Koili ya namna hii ipimwe pale pale ilipozima, ikiwa bado ya moto. Ukinzani wa shaba hupanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Hivyo kilo-omu 4 kwenye nyuzi 20 zikifika karibu 5 kwenye nyuzi 80, hiyo ni hali ya kawaida. Namba ikishuka, au ikirukaruka, koili imekufa.

Kipimo cha cheche hufanywa kivulini, mbali na petroli na mbali na tundu la plagi, ambako mvuke wa mafuta unaweza kulipuka. Waya wa plagi hauachwi ukining'inia bila eathi wakati wa kupiga kiki: umeme usiopata njia hutoboa kihami, na CDI inaweza kufa pia. Rangi ya cheche hudanganya. Umbali ndio wa kuamini: koili nzima huvuka pengo la milimita 6 hewani bila kusita. Pengo kubwa hivyo linahitajika kwa sababu injini hukandamiza hewa hadi kama sehemu moja ya tisa ya ujazo wake, na hewa nzito hivyo hugoma kupitisha cheche. Mji wa Karatu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Cheche dhaifu huko juu huonekana yenye nguvu kuliko ilivyo.

Kijiweni kuna kipimo bora kuliko mita: kuazima koili ya pikipiki ya aina ile ile na kupanda nayo mlima uliokuwa ukiishinda pikipiki. Isiazimwe ya mfumo mwingine; koili isiyo ya CDI huwa na omu 2 hadi 5 kwenye mzingo wa kwanza. Na anayenunua mpya aombe ipimwe kaunta kabla ya kulipa, aziandike namba zake mbili, kisha aitunze ile ya zamani mpaka mpya ipande mlima ikiwa na mzigo.