Masurufu, si Hoja

"Hoja mbili zinahitajika." Ujumbe huo ulinitokea juzi kwenye skrini, nilipoendesha skripti fupi inayoitangulia programu ya kunakili faili. Nikajiuliza mjadala umefunguliwa lini na mwenyekiti ni nani.

Kosa lilipoanzia panajulikana. Mtu alikuta neno la Kiingereza, argument, lenye maana mbili, akaokota iliyokuwa karibu na mkono. Hoja imetokana na hujja ya Kiarabu, ushahidi wa kumshinda mwenzio. Neno la wanakompyuta, kwa upande wake, lilipitia kwa wanajimu wa Ulaya ya enzi za kati, waliokiita hivyo kiasi unachoingia nacho kwenye jedwali ili utoke na kingine. Hapo habishani mtu.

Sisi tuna masurufu. Anayetumwa safari hupewa masurufu. Programu inayotumwa kazi nayo hupewa. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wa sad, ra na fa, wenye maana ya kugeuza, ambao pia umetuzalia sarafu na sarufi. (Wanaolichanganya na israfu wajue kwamba hiyo ni ya sin.) Fedha ya mfukoni, kanuni za lugha na gharama za njiani, zote tumbo moja: kamati ya istilahi ilitaka nini zaidi? Nililiwasilisha kwa maandishi. Kumbukumbu za kikao zikaliita "pendekezo jingine". Mjumbe mmoja, ambaye istilahi yake mwenyewe ilipita bila kupingwa, alidai masurufu hayana umoja. Maji nayo hayana, na aliyanywa palepale mezani.

Kuhusu kazi yenyewe, kwa ufupi: skripti ya namna hii isijitwishe ukaguzi wote. Isome idadi ya masurufu katika $#. Yakipungua, ichapishe namna ya kuitumia kwenye mkondo wa makosa na itoke na 64, kama ilivyo desturi ya BSD. Yakitosha, iyakabidhi yote kwa programu kupitia "$@", na alama za kunukuu zisiachwe, la sivyo jina la faili lenye nafasi litakatwa vipande. Mengine programu itayakagua yenyewe.

Na $0? Hilo ni jina la skripti yenyewe, na $# hailihesabu, kwa kuwa msafiri hayumo katika masurufu yake. Wenye hoja na walieleze hilo.