Namba 1 ya Joginder na Jaswant

Kule Marekani, kwa mbio za NASCAR, namba ya gari ni kama shamba la babu. Cheki familia ya Petty. Mzee Lee Petty alishinda Daytona 500 ya kwanza kabisa, 1959, na gari namba 42. Mwanawe Richard akachukua 43, akashinda mbio 200 na ubingwa mara 7. Mjukuu Kyle baadaye akaendesha 42 ya babu. Kitukuu Adam alipewa 45, akafa mazoezini mwaka 2000 akiwa na miaka 19 tu, na babake Kyle akaamua kuendesha hiyo 45 mwenyewe. Hebu fikiria hiyo kidogo.

Huku kwetu mambo yalikuwa tofauti. Mwaka huohuo wa 1959, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishiriki Safari Rally mara ya kwanza. Namba ya Safari haikuwa mali ya mtu. Ilisema tu gari lako litaondoka la ngapi, na mwaka ujao unapewa nyingine.

1965 Joginder na mdogo wake Jaswant wakaangukia namba 1. Si bahati unavyodhani. Barabara hazikufungwa, kwa hivyo wa kwanza ndiye anakutana na lori, ng'ombe na tope kabla ya kila mtu, na hakuna alama za tairi za kufuata. Gari lenyewe lilikuwa Volvo PV544 iliyotumika, kama tu Vitz yako. Waliondoka wa kwanza na wakashinda, Waasia wa kwanza kushinda Safari.

Watu wa Nyeri wanafaa kuielewa hii kuliko wengine. Kwa miaka mingi Safari ilizunguka Mlima Kenya: Embu, Meru, Nanyuki, Nyeri. Tena ilikuwa Pasaka, wakati wa mvua, na sisi tunajua huu udongo mwekundu ukinyeshewa hata matatu ya Othaya inaweza kulala mtaroni. Leo Safari iko Naivasha na tunaitazama kwa simu. Kalle Rovanperä, mtoto wa dereva Harri Rovanperä, ameshinda hapo 2022 na 2024 na namba aliyojichagulia, 69, na wasee wanaijua kabisa.

Lakini uliza kijiweni Jaswant ni nani. Kimya. Joginder anakumbukwa, na ni haki yake, maana alishinda tena 1974 na 1976, ingawa mwelekezi wake wakati huo alikuwa David Doig. Jaswant alikaa kwa gari lile lile la 1965, akameza vumbi lile lile, na jina lake limeanguka njiani kwa sababu hakuna namba ya familia ya kulibeba.

Nyeri imejaa Subaru zenye stika za kila aina. Yangu ingekuwa 1, na chini yake majina mawili.