Kofia na Saluti: Historia ya Kanuni Zinazoeleweka Visivyo

Miongoni mwa mambo yanayosemwa mara nyingi kuhusu sare za kijeshi, hakuna lililoenea kuliko dai kwamba saluti ilianza enzi za mashujaa wapanda farasi wa Ulaya, ambao waliinua mkono ili kufunua kifuniko cha uso cha deraya zao na kutambuana. Maelezo hayo yanavutia, lakini kati ya deraya hizo na saluti ya leo kuna pengo la karne kadhaa ambalo hakuna hati inayoliziba, ilhali hati za majeshi yenyewe zinaonyesha chanzo kilicho karibu zaidi na cha kawaida zaidi, yaani desturi ya kuvua kofia.

Katika jeshi la Uingereza la karne ya 18, askari aliyekutana na afisa alimheshimu kama raia alivyomheshimu mkubwa wake, kwa kuvua kofia na kuinama. Kofia za wakati huo zilikuwa pana, zimepambwa kwa nyuzi, na zilichakaa upesi kwa kuvuliwa mara kwa mara kwa mikono iliyojaa baruti na vumbi. Mwaka 1745 rejimenti ya walinzi wa mfalme iitwayo Coldstream Guards iliagiza askari wake waache kuvua kofia, bali wainue mkono hadi kwenye kofia na kuinama wanapopita, na rejimenti nyingine nazo zikatoa amri za namna hiyo baadaye, zikitaja wazi kwamba kuvua kofia kunaziharibu. Jeshi la wanamaji la Uingereza lilichelewa zaidi, kwani liliendelea na desturi ya kuvua kofia hadi mwaka 1890, saluti ya mkono ilipochukua nafasi yake. Kwa hiyo saluti ni ufupisho wa tendo la kuvua kofia, mkono ukianza safari ya kuishika na kukomea ukingoni.

Asili hiyo ndiyo inayofafanua kanuni inayowashangaza wengi, kwamba askari wa Uingereza asiye na kofia hapigi saluti. Mtu ambaye kichwa chake kiko wazi hana cha kuvua, na heshima yake huonyeshwa kwa kusimama wima, mikono ikiwa imenyooshwa ubavuni. Hapo hakuna utovu wa adabu hata kidogo, ingawa mtazamaji asiyejua huudhani upo.

Hata hivyo, ndani ya jeshi hilohilo kuna hali moja ya kipekee inayostahili kusimuliwa. Katika Vita vya Miaka Saba, kwenye mapigano ya Warburg nchini Ujerumani tarehe 31 Julai 1760, Marquess of Granby aliwaongoza wapanda farasi kumshambulia adui kwa kasi iliyopeperusha kofia yake pamoja na nywele zake za bandia, akafika mbele ya mkuu wake, Ferdinand wa Brunswick, na upara wake ukiwa wazi, akapiga saluti hivyohivyo. Kwa kumbukumbu yake, rejimenti ya Blues and Royals, iliyorithi kikosi chake, inadumisha mapokeo ya askari wake kumpigia afisa saluti hata wakiwa hawana kofia. Hivyo kanuni inayodhaniwa kuwa haina mwanya ina mwanya, na ulifunguliwa na tukio la siku moja.

Kosa kubwa zaidi ni kuchukua kanuni ya jeshi moja na kuifanya ya majeshi yote. Nchini Marekani, Jeshi la Nchi Kavu huruhusu askari asiye na kofia kupiga saluti, kama vile anaporipoti kwa afisa ndani ya ofisi, lakini Jeshi la Wanamaji la nchi hiyohiyo limebaki karibu na desturi ya Uingereza na kwa kawaida halipigi saluti kichwa kikiwa wazi. Mtu aliyelelewa na filamu za Marekani, anapomwona askari wa jeshi lenye asili ya Kiingereza amesimama wima bila kuinua mkono, huona uzembe mahali ambapo kanuni imefuatwa kikamilifu.

Hilo linahusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya kikoloni vya Uganda, Kenya na Afrika ya Kati, kilifunzwa gwaride la Kiingereza, ingawa askari wake Waafrika walivalishwa tarbushi, kofia ya duara isiyo na ukingo iliyotoka katika ulimwengu wa Waturuki. Batalioni zake zilikuwa msingi wa majeshi ya kwanza ya Tanganyika, Kenya na Uganda huru, na tarbushi ilipoachwa nafasi yake ikachukuliwa na bereti na kofia za chepeo, lakini gwaride la Kiingereza halikutupwa pamoja nayo.

Bereti nayo imezungukwa na dhana zake. Wengi huiona kama alama ya kale ya ushujaa, ilhali katika jeshi la Uingereza ilikubaliwa rasmi mwaka 1924 tu, kwa ajili ya wanajeshi wa vifaru, na kwa sababu za kazi: haina ukingo wa kugonga chuma ndani ya kifaru chenye nafasi finyu, na rangi nyeusi huficha madoa ya mafuta. Heshima ilifuata baadaye, ikawa kubwa kiasi kwamba Jenerali Eric Shinseki alipoamuru Jeshi la Nchi Kavu la Marekani zima livae bereti nyeusi kuanzia Juni 2001, makomando wa Ranger, ambao rangi hiyo ilikuwa yao peke yao, walilalamika vikali, na wakapewa bereti ya rangi ya kahawia iliyofifia. Mwaka 2011 kofia ya kitambaa yenye ukingo ilirudishwa kuwa vazi la kawaida la kazi, kwa kuwa bereti haimkingi askari na jua.

Rangi ya buluu ya Umoja wa Mataifa ina historia fupi zaidi. Katika mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 askari wa kulinda amani walihitaji alama ya kuwatofautisha na wapiganaji, na kwa kuwa bereti za buluu hazikuweza kupatikana za kutosha kwa wakati, zilichukuliwa kofia za plastiki za Kimarekani, zile zinazovaliwa ndani ya kofia ya chuma, zikapulizwa rangi ya buluu. Wapo wanaodhani kuwa rangi hiyo ni ya jeshi la Umoja wa Mataifa, lakini Umoja huo hauna jeshi lake. Askari wa Tanzania waliopelekwa Kivu Kaskazini, nchini Kongo, mwaka 2013 katika Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja huo walivaa kofia za buluu pamoja na sare ya nchi yao, wakabaki chini ya nidhamu ya jeshi lao wenyewe.