Jina Moja, Herufi Nyingi: Ukoo wa Beall na Mzee Yarrow Mamout wa Maryland



Ndugu wasomaji, elimu ya nasaba si ngeni kwetu Waislamu. Sayyidna Abubakar (Radhiyallaahu 'anhu) alisifika kwa ujuzi wa nasaba za Maquraishi, na Suratul Ahzab, aya ya 5, inaamrisha watoto wa kulelewa waitwe kwa baba zao waliowazaa. Safari hii tunakwenda Marekani, katika jimbo la Maryland. Tutaangalia jina la ukoo mmoja wa enzi za ukoloni wa Waingereza na sura nyingi lilivyoandikwa. Kisha tutaona jinsi habari za Muislamu mmoja kutoka Afrika Magharibi zilivyobaki ndani ya makaratasi ya wenye jina hilo.

MATEKA ALIYEKUJA KUWA TAJIRI

Mwaka 1650 jeshi la Uingereza chini ya Oliver Cromwell liliwashinda Waskoti katika vita vya Dunbar. Maelfu walitekwa. Miongoni mwao alikuwemo kijana aitwaye Ninian Beall. Alisafirishwa hadi kisiwa cha Barbados, kisha Maryland, akatumikishwa kwa mkataba wa miaka kadhaa bila ya ujira. Alipomaliza muda wake alikuwa huru, na katika miaka ya 1660 alidai haki yake ya ekari 50 za ardhi. Aliendelea kujilimbikizia ardhi, na mwaka 1703 alipata hati ya shamba la ekari 795. Sehemu ya shamba hilo ndipo ulipojengwa mji wa Georgetown, ulioanzishwa mwaka 1751 na ambao leo ni sehemu ya Washington. Ninian alifariki mwaka 1717.

Mwenye kutafuta habari za ukoo huu hukutana na tatizo mapema. Jina huandikwa Beall lakini hutamkwa Bell. Kwa hiyo katika vitabu vya zamani hulikuta kama Beall, Bell, Beale, na hata Bale. Sababu yake ni nyepesi. Zama hizo tahajia ya Kiingereza ilikuwa bado haijatulia. Kamusi kubwa ya Noah Webster ilitoka mwaka 1828. Karani aliandika alivyosikia, na msemaji mwenye lafudhi ya Kiskoti mbele ya karani wa Kiingereza angeweza kuandikwa kwa namna mbili katika mwaka mmoja. Anayetafuta "Beall" peke yake huacha nyuma nusu ya wazee wake.

Upande wa pili kuna hatari nyingine. Maryland walikuwepo watu wengine wenye jina hilo hilo, wala si wote waliotoka mgongoni mwa Ninian. Kufanana kwa jina hakuthibitishi undugu.

MUISLAMU NDANI YA MAKARATASI YA WENGINE

Mwaka 1752, merikebu iitwayo Elijah ilitia nanga Annapolis, Maryland, ikiwa na watumwa kutoka Afrika Magharibi. Mmoja wao alikuwa kijana wa Kifulani wa miaka kama 16, Muislamu aliyejua kusoma na kuandika Kiarabu. Alinunuliwa na Samuel Beall, na baadaye akawa mali ya mwanawe, Brooke Beall. Jina lake limetufikia kama Yarrow Mamout.

Tazameni tofauti iliyopo. Ninian alikuja akiwa mateka, lakini mkataba wake ulikuwa na mwisho. Alipata ardhi, akaweka saini, akaandika wasia, na wajukuu zake wakarithi jina. Yarrow alitumikishwa miaka 44. Katika sensa ya kwanza ya Marekani, ya mwaka 1790, mkuu wa nyumba alitajwa kwa jina, na watumwa wake waliandikwa kwa idadi tu. Hata katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao. Ilikuwa ni sensa ya mwaka 1870 ndiyo iliyowataja Waafrika wote wa nchi ile kwa majina. Kabla ya hapo, mjukuu wa mtumwa hana budi kuwatafuta wazee wake ndani ya wasia, hati na orodha za mali za mabwana. Na kama jina la bwana nalo lina tahajia nne, kazi huwa mara nne.

Yarrow aliahidiwa uhuru akifyatua matofali ya nyumba ya Brooke Beall. Aliyafyatua, lakini bwana yule akafa mwaka 1795 kabla ya kutimiza ahadi. Mjane wake, Margaret, aliitimiza, na mwaka 1796 Yarrow akawa huru akiwa na umri wa miaka kama 60. Hakukata tamaa. Alifanya kazi, akaweka akiba, akanunua hisa za benki, na mwaka 1800 akanunua kiwanja na nyumba Georgetown. Mchoraji maarufu Charles Willson Peale alimchora mwaka 1819. Aliandika kuwa mzee huyu ni Muislamu, hali nguruwe, hanywi pombe, na humsifu Mola wake njiani. Yarrow alifariki mwaka 1823, na taarifa ya kifo chake ilisema alizikwa katika pembe ya bustani yake, pale alipozoea kuswali. Subhaanallah!

JINA LA BABA LIKAWA LA UKOO

Wachunguzi wanaona kuwa "Yarrow" ni Yero au Yaro, na "Mamout" ni namna ya kuandika Muhammad, ambaye Wafulani humwita Mamadou, au Mahmud. Jumba la makumbusho la Philadelphia, lililoinunua picha ya Peale mwaka 2011, limeweka majina yote mawili: Yarrow Mamout na Muhammad Yaro.

Mwanawe aliitwa Aquilla Yarrow. Jina la mwanzo la baba likawa jina la ukoo, na lile lililobeba alama ya Uislamu likapotea. Mke wa Aquilla, Polly, alikuwa mkunga katika bonde moja la magharibi mwa Maryland, na kitongoji alichoishi kinaitwa Yarrowsburg mpaka leo.

Wamarekani walitengeneza njia ya kukusanya tahajia zinazokaribiana, iitwayo Soundex, iliyopata hakimiliki mwaka 1918. Herufi ya kwanza hubaki, irabu huachwa, na konsonanti hupewa namba. Beall, Bell, Beale na Bale yote huwa B400. Mamout, Mamadou, Mahmud na Muhammad yote huwa M530. Ni nyavu nzuri, lakini hunasa na wasiohusika: Bailey nayo ni B400. Baada ya nyavu, lazima ulinganishe tarehe, mahali, majina ya wazazi na mashahidi wa hati.

FUNZO KWETU

Jambo hili halipo Marekani tu. Juma wa Kigoma akivuka kwenda Bujumbura huandikwa Djuma, na Rajabu huwa Radjabu, kwa kufuata Kifaransa. Mtoto wa Mohamed huandikwa shuleni Mohammed, na kwenye pasi ya kusafiria Muhamedi. Baada ya vizazi vitatu, nani atajua kuwa ni watu wa baba mmoja?

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi na wanafunzi. Waulizeni wazee majina ya mababa na mabibi wangali hai. Andikeni kila tahajia mliyoiona na mahali mlipoiona. Na liandikeni kila jina kwa herufi za Kiarabu pia, kwani humo Muhammad na Mahmud havichanganyiki. Mzee Yarrow aliijua kalamu, lakini nasaba yake iliandikwa na kalamu za wengine. Sisi kalamu tunayo mikononi.

Wallaahu A'lam.